Kahawa Nyekundu Ukutani Nshamba

Agnetha hakusalimia. Alisema tu, "Kokugonza, yule mzee wako wa ukutani amekataa kula. Leo ni siku ya nne."

Kokugonza alikuwa amesimama uani kwao Kitendaguro, Bukoba, simu ameibana kati ya sikio na bega, akisuuza brashi kwenye ndoo. Aliuliza ni mzee yupi, ingawa alijua. Kwenye ukuta wa mgahawa wa Agnetha kule Nshamba alikuwa amechora watu wawili tu.

"Ildefons," Agnetha alisema. "Anakunywa maji kidogo, basi. Anasema tumbo linavimba. Na watu wanasema ni ile picha."

"Picha imefanya nini, mama?"

"Njoo. Haya si ya kuongea kwenye simu."

Maji ya ndoo yalikuwa mekundu, kwa sababu alikuwa ametoka kuchora pilipili za hoteli moja ya Miembeni. Aliyamwaga chini ya mgomba. Kisha akaona jinsi yalivyotapakaa juu ya majani makavu, akachukua jembe akayafukia.

Tangu utoto alikuwa mwoga, na hakuficha jambo hilo. Baba yake, mwalimu Rwekaza, alikuwa akichora vielelezo vya darasani nyuma ya mifuko ya saruji: moyo wa binadamu, mmea wa maharage, ramani ya ziwa na visiwa vyake. Binti ndiye aliyepaka rangi. Alipokosea, baba alisema hakuna neno, karatasi inachanika. Alipomaliza chuo cha sanaa na kurudi Bukoba na kamera iliyokwisha tumika, shangazi zake waliuliza kama kweli mtu mzima anaweza kusomea kuchora. Mgahawa wa kwanza ulimwajiri apige picha za vyakula vya menyu, kisha achore samaki ukutani. Samaki alitoka mnene mno, wateja wakamwita mjamzito, na jina hilo likawa la mgahawa mpaka leo. Hapo ndipo Kokugonza alipojifunza kuogopa ukuta. Ukuta hauchaniki. Unabaki hapo barabarani, na kila anayepita ana haki ya kuusoma anavyotaka.

Kwa hiyo alijiwekea utaratibu. Hakuchora chochote kutoka kichwani. Kwanza alipiga picha, akaichapisha, akaigawa kwa miraba midogo kwa kalamu. Kisha akapaka uzi unga wa mkaa, akauvuta ukutani na kuuachia, nao ukaacha mstari. Alipomaliza, ukuta mzima ulikuwa na miraba kama daftari la hesabu, na kila mraba wa picha ulikuwa na mwenzake ukutani. Alihamisha mraba mmoja mmoja, taratibu, akiamini kwamba mtu anayefuata miraba hawezi kupotea.

Agnetha alikuwa amemwita mwezi mmoja kabla. Alitaka ukuta unaotazama barabara uonyeshe ukarimu wa Kihaya: mgeni anakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, akamwani, ile iliyochemshwa kwa majani ya viungo na kukaushwa mpaka inakuwa ya kahawia iliyoiva. Aliwachagua wazee wawili waliokula pale kila siku, Ildefons na Clavery. Walikuwa majirani, vibanja vyao vya migomba vimepakana, na waliwahi kupelekana baraza la kata kwa ajili ya mpaka. Tangu wakati huo walikaa meza moja kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na redio, lakini hawakusemeshana.

"Wana sura nzuri," Agnetha alisema. "Nitawapa supu, watakubali."

Walikubali. Kokugonza aliwakalisha, akawapa kikapu, akawaambia kila mmoja achukue punje na kumwelekea mwenzake. Walielekeana, lakini macho yalikwenda kwenye kamera. Alipoanza kuvuta uzi wa mkaa, Clavery alicheka.

"Binti, unapima viwanja? Nipimie na mimi changu. Mpaka wangu una mashaka."

Wote wakacheka isipokuwa Ildefons, ambaye aliinuka akaenda zake bila kumaliza supu. Wakati ule Kokugonza hakuweka jambo hilo moyoni.

Shida ilikuja siku ya pili. Punje zile kavu, zikichorwa juu ya viganja vya wazee, zilipotea kabisa. Ukisimama barabarani ungedhani watu wawili wanaonyeshana uchafu wa mikononi. Nacho kikapu kilificha mkono wa Clavery. Kwa mara ya kwanza, Kokugonza akaacha miraba yake. Aliondoa kikapu. Akachora tunda la kahawa lililoiva, jekundu, lililopasuliwa katikati. Punje moja kwenye kiganja cha Ildefons, nyingine kwenye kiganja cha Clavery, na maji mekundu ya tunda yakitiririka kidogo kwenye vidole. Ukuta ukawaka. Madereva walipunguza mwendo kuutazama. Aliupiga picha, akaiweka mtandaoni, na migahawa mitatu ikampigia simu ndani ya wiki moja. Alikuwa hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Sasa alikuwa ndani ya Hiace kuelekea Nshamba, mfuko wa brashi mapajani, na mikono yake ilikuwa ya baridi.

Agnetha alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alimpa kisu, kwa sababu kwake mtu hakai bure, na wakaanza kumenya pamoja.

"Baba yako ni mwalimu," Agnetha alisema. "Hakukufundisha omukago?"

"Nimelisikia neno. Ni undugu, sivyo?"

"Ni undugu wa kuchanjia. Zamani, wanaume wawili wakitaka kuwa ndugu, walichukua punje mbili za tunda moja. Kila mmoja alichanjwa hapa, karibu na kitovu, akapaka damu yake kwenye punje, mwenzake akaimeza. Basi. Kuanzia hapo, ukimwibia, ukimsaliti, ukimdhulumu hata shina la mgomba, ile punje inavimba tumboni. Unakufa."

Kisu cha Kokugonza kilisimama katikati ya ganda.

"Punje mbili za tunda moja," alisema.

"Na damu vidoleni. Umeichora barabarani, mchana kweupe, na majina ya watu kila mtu anayajua."

"Ile si damu, mama. Ni maji ya kahawa. Na wao hawakumeza chochote, walichukua punje kavu kikapuni. Picha ninazo."

"Mimi najua. Vijana wanacheka tu. Lakini wazee wawili walikuja wakasimama pale nje, wakatazama, wakavua kofia. Ildefons aliwaona walivyovua kofia."

"Nikaufute sasa hivi?"

Agnetha alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto anayetaka kuruka dirishani. "Umfute nani? Mtu ni mgonjwa, wewe unapaka chokaa juu ya uso wake? Akifa leo jioni, utasema nini? Nenda kwanza ukamwone."

Nyumba ya Ildefons ilikuwa ndani ya kibanja, migomba imeifunika mpaka paa. Mkwewe, Celina, alimpokea mlangoni, mtoto mgongoni, bila tabasamu.

"Ndiye wewe fundi? Nilidhani una pembe."

"Shikamoo," Kokugonza alisema, ingawa walikuwa karibu rika moja. Hofu ndiyo iliyosema.

Celina karibu acheke. "Marahaba, mjukuu wangu. Ingia. Amekuwa akikuulizia tangu jana. Ukimkasirisha, mlango ni huohuo."

Mzee alikuwa amekaa kitandani, blanketi mabegani, rozari imening'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Kokugonza aliujua uso ule kuliko nyuso nyingi duniani, maana aliuchora mraba kwa mraba, na sasa miraba ilikuwa imebadilika. Alipiga magoti kusalimia na hakujua ainuke vipi.

"Tata," alisema, akimwita baba kwa Kihaya, "nimekuja kuomba msamaha. Sikujua."

"Najua hukujua. Watu wa Bukoba hamjui kitu." Sauti ilikuwa ndogo lakini haikuwa na hasira. "Keti."

Alitoa kamera, akamwonyesha picha zote, moja baada ya nyingine: kikapu, mikono, punje kavu. "Unaona, tata? Kila mmoja alichukua yake. Hakuna tunda moja. Hakuna damu."

Ildefons alizitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. "Watu hawali ndani ya kamera yako, binti. Wanakula chini ya ukuta."

"Lakini wewe mwenyewe unajua hukumeza."

"Mimi ni Mkatoliki. Ni mzee wa jumuiya, naongoza sala. Kichwa changu kinajua." Aliweka mkono juu ya tumbo. "Hili halikubatizwa. Kila nikileta tonge mdomoni, hili linauliza: utameza mbele ya ndugu yako?"

Nje Celina alikuwa akitwanga kitu.

"Sogea," mzee alisema. Alisubiri mchi ushuke, akaongea chini ya mlio wake. "Mwaka ule mkewe Clavery alipofariki, yeye alikaa miezi miwili kwa binti yake Bukoba. Kibanja hakikuwa na mtu. Niling'oa mulamula, ule mmea wa kuonyesha mpaka, nikaupanda upya upande wake. Hatua mbili. Mulamula haufi, ukiuchomeka unashika. Kwenye baraza niliapa kwamba ndio uleule wa baba zetu. Nimekula ndizi za hatua zile mbili miaka saba, na hazikunidhuru. Mpaka umekuja wewe na rangi yako."

Mchi ulikuwa umenyamaza. Kokugonza aligundua kwamba amejishika tumbo vilevile kama mzee.

"Padri anajua?"

"Padri atasema, rudisha. Nirudishe na uso gani? Wewe futa kahawa. Si uso, nisikilize vizuri, uso usiuguse. Kahawa tu. Ukiitoa, sisi ni majirani kama watu wengine, na jirani kumwibia jirani ni dhambi ya kawaida."

Alitoka pale na siri ambayo hakuiomba. Celina alimkazia macho, akauliza amesema nini. Kokugonza akajibu kwamba anataka kahawa ifutwe, na huo ulikuwa ukweli.

Usiku ule alilala kwa Agnetha, na asubuhi alijisikia kama mwanafunzi ambaye hakufanya zoezi. Aliigeuza hesabu ileile mara nyingi. Akitoa kahawa na kuondoka, hofu ya mzee itaisha, ataanza kula, na hatua mbili zitabaki kwake mpaka kaburini. Akimwambia Clavery, atakuwa ametoa siri ya mgonjwa, na mgonjwa huenda asifike Jumapili. Akiacha ukuta ulivyo, mzee ataendelea kukonda mbele ya macho ya Nshamba nzima, na wote wanajua nani alichora. Hakuna alichokitaka zaidi ya kwamba mtu yule asife. Lakini aliogopa pia kuwa mkono uliomsaidia kuficha.

Aliegemeza ngazi, akachanganya rangi ya kahawia. Clavery alikuwa tayari mezani, chini kabisa ya sura yake mwenyewe, akila ndizi na maharage.

"Unanirekebisha pua?" aliuliza. "Ilikuwa kubwa. Wajukuu wananicheka."

"Pua haina neno, tata. Ni kahawa."

"Aa. Wanataka ifutwe." Alitafuna. "Mimi nilikuwa nimeizoea. Unajua, tangu ulipotuweka pale, nimeona aibu kumsema vibaya. Hata kesi niliyotaka kuifungua tena nimeiacha. Nilikuwa nikiutazama ule mulamula nasema haukuwa hapa, haukuwa hapa. Halafu nikajiambia, Clavery, mulamula una miguu? Ni macho yako yamezeeka." Alinyanyua kichwa. "Mbona unatetemeka? Shuka unywe chai."

"Ni ngazi, tata. Naogopa ngazi."

Alifunika wekundu wote. Alirudisha kikapu alichokuwa amekiondoa, akakijaza punje kavu, nyingi, hata mtu asiyeona vizuri angejua kwamba kila mmoja amechukua yake. Kazi hiyo ilimchukua mpaka karibu na saa tano. Ilibaki nafasi nyuma ya vichwa vya wazee, mahali ambapo palikuwa na anga tupu. Alichukua chaki. Hakuwa amepanga. Alichora shina jembamba lililosimama, na juu yake majani marefu yaliyochongoka, katikati kabisa ya wale wawili.

"Mahindi?" aliuliza dereva mmoja wa pikipiki.

"Mahindi gani, wewe mtoto wa lami," Agnetha alisema kutoka mlangoni. "Huo ni mulamula." Kisha akamtazama Kokugonza, na uso wake ukauliza swali ambalo mdomo haukuuliza.

Kokugonza alimtuma dereva yuleyule akamlete Ildefons. Aliagiza mzee aambiwe kwamba kahawa imetoka, na fundi anaomba aje aone kama amekubali.

Alikuja kwenye pikipiki, Celina akimshikilia kwa nyuma ili asianguke. Walimkalisha kwenye kiti barabarani, blanketi bado mabegani. Alitazama kikapu muda mrefu. Pumzi zake zilitulia. Watu waliokuwa wakila walitoka na sahani zao kutazama, na Clavery hakuinuka, lakini aligeuza kiti chake.

Ndipo Ildefons alipouona mmea wa chaki.

Kokugonza alikuwa juu ya ngazi, brashi ya kijani mkononi. Alisema kwa sauti ambayo hakuitambua, "Tata, huu bado sijaupaka rangi. Mimi ni wa mjini, sijui mambo ya mashamba. Nimeuweka mahali pake?"

Lori lilipita. Celina akamwinamia, akamuuliza kama anataka kurudi nyumbani, naye akatikisa kichwa. Kokugonza alidhani ataanguka kutoka kwenye kiti. Alidhani amemuua mwenyewe, mbele za watu, kwa chaki.

"Hauko hapo," Ildefons alisema hatimaye.

"Niupeleke wapi?"

"Usogeze. Upande wangu."

Alilowesha kitambaa, akafuta shina, akachora jingine mraba mmoja kuelekea kwa Ildefons. "Hapa, tata?"

"Bado." Sauti ilikuwa imepata nguvu kidogo, kama ya mtu anayeelekeza watoto kupanda miche. "Ni hatua mbili, si moja. Mimi nazijua. Nilizihesabu."

Hakuna aliyetafuna. Kokugonza alifuta tena, akauhamisha mraba wa pili, akaanza kupaka kijani kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Nyuma yake alisikia kiti kikisukumwa. Clavery alikuwa amesimama. Alikuwa mkubwa wa mwili, na mkononi alishika kijiko, na alitembea kuelekea kwenye kile kiti cha barabarani taratibu sana. Celina akasimama mbele ya baba mkwe wake. Kokugonza alishuka ngazi mbili mbili, brashi ameinyanyua kama fimbo.

"Pisha, binti," Clavery alimwambia Celina. Hakupisha.

Wazee wakatazamana kupitia juu ya bega lake. Macho ya Clavery yalikuwa mekundu.

"Miaka saba," alisema. "Nilikwenda hospitali ya macho kwa ajili yako. Nilinunua miwani."

"Najua," Ildefons alisema.

"Miwani, Ildefons."

"Najua. Nilikuona nayo."

Mtoto mgongoni kwa Celina akaanza kulia. Clavery alitazama kijiko mkononi mwake kama vile amekiokota njiani. Akageuka.

"Agnetha, mpe huyu mtu uji. Mwepesi, tumbo halijazoea." Kisha kwa Ildefons, bila kumtazama: "Kula kwanza. Nataka nikugombeze vizuri, na siwezi kumgombeza maiti."

Uji ulikuja. Ildefons alikunywa vijiko vitatu, akapumzika, akanywa cha nne na cha tano. Kokugonza alivihesabu vyote, ameegemea ukuta wenye rangi mbichi, na alipoondoka mgongo wa blauzi yake ulikuwa wa kijani.

Wazee walikwenda kibanjani siku ya Jumamosi na mashahidi wawili. Agnetha alimwambia kwenye simu kwamba waligombana kweli, kuanzia asubuhi mpaka mchana, na mulamula ukarudishwa. Hawajawa ndugu. Wanakaa meza ileile, na sasa wanasemeshana, mara nyingi kwa matusi.

Kokugonza anaendelea na kazi. Ana ukuta Muleba mjini na mwingine Miembeni, na kabla ya kubadili rangi ya kitu chochote anatafuta mzee wa mahali pale na kumuuliza, hata kama ni rangi ya sahani. Simu kutoka Nshamba bado inampa baridi ya mikono. Juzi Agnetha alimpigia kumwomba aje anyooshe jani moja la mulamula, lililopinda kwa sababu ya mkono kutetemeka. Alimtumia na nauli.

Kokugonza alimshukuru, akamrudishia nauli. Alisema mmea ule umewekwa na mwenyewe, naye hataugusa tena.